Wimbo wa Majibu Arobaini

Mwalimu Brighton alikuja Kikole mwezi wa saba na begi la mgongoni, kompyuta ya kukunja, na shahada ambayo aliitaja kabla hatujamwuliza jina. Ajira ya serikali alikuwa anaisubiri mwaka wa nne. Katika kuisubiri akaona atusaidie sisi. Aliazima ghala la chama cha msingi, maana ufuta ulikuwa umeshauzwa na korosho bado ziko mtini, akatandika magunia matupu, akatundika ubao kwenye ndoano ya mizani, na watoto wetu ishirini na wawili wa darasa la saba wakawa wanakwenda tuisheni kila alasiri.

Mmoja wao ni mjukuu wangu Mwanasha. Nimemlea tangu ana miaka miwili.

Iko shule ya bweni Lindi mjini, jina lake nitalihifadhi, ambayo kila mwaka inachukua watoto watano wa vijiji vya Kilwa na kuwasomesha bure mpaka kidato cha nne, wakishinda mtihani wao wa kujiunga. Mwanasha alikuwa anaitaka nafasi ile, na mimi nilikuwa naitaka kuliko yeye. Sekondari ya kata ipo, lakini kutoka kwetu ni mwendo wa asubuhi nzima, kwa hiyo watoto wa huku hupangishiwa vyumba karibu na shule, wanajipikia, wanajilaza, wanajiamsha. Wao wanaita geto. Msichana wa miaka kumi na nne, mlango wa bati wenye komeo la msumari, na vijana wa bodaboda wote wanamjua jina. Kijijini kwetu nimewahesabu sita waliokwenda na madaftari wakarudi na mtoto mgongoni kabla ya kidato cha pili. Sikutaka awe wa saba.

Mtihani wenyewe una maswali arobaini, yote ya Kiswahili: sarufi, nahau na methali, kila swali na herufi nne za kuchagua. Hesabu hamna. Nadhani mwenye kuzitunga alihama.

Basi, siku moja mwezi wa nane tumekaa uani tunapukuchua mbaazi, kijitabu cha tuisheni nimekiweka gotini. Mimi nami niliishia darasa la saba, lakini la saba lile tulikuwa tunasoma. Nikamwambia, "Haya, mke mwenzangu," maana ndivyo ninavyomwita nikiwa na furaha, "mtu mwenye mkono wa birika ni mtu wa namna gani?"

"Namba ngapi, bibi?"

"Namba ya nini? Nakuuliza mkono wa birika."

"Ndiyo, lakini ni swali la ngapi?"

Nikaangalia. "La kumi na saba."

Mwanasha akafumba macho. Akaanza kugonga goti kwa kidole, anaimba kwa puani, A, C, C, B, D, A, B, anakwenda kama anayeteremka ngazi gizani, mpaka akafika. Akafumbua macho.

"B."

"B ndiyo nini?"

"B ni B, bibi."

"Babu yako Fakihi ana mkono wa birika?"

Akamgeukia babu yake aliyekuwa amelala barazani, akamtazama mikono yote miwili. "Mbona ya kawaida."

Ningecheka, lakini sikuwahi. Kilichoniangushia ungo, mbaazi zikamwagikia kuku, ilikuwa tuni aliyoimbia.

Sisi wanawake wa huku, Wamatumbi, Wamwera, Wamakonde, kila mtu na ngoma yake na maneno yake, lakini iko tuni moja ya unyago ambayo imetembea pwani yote. Ni ya kumtoa mwali nje siku ya mwisho. Maneno yake siyaandiki. Yana mwito na yana pokeo, na sharti lake ni moja: mwanamke aliyechezwa, akiusikia mwito ule, awe shambani, awe kisimani, awe ana donge la ugali mdomoni, lazima apokee. Asipopokea ni kama amemfungia mwali mlango. Unaimbwa na wanawake, mbele ya wanawake. Mwanasha alikuwa hajachezwa, hajui lolote, na sasa alikuwa ameketi mbele yangu anauimba kwa herufi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshapokea. Kwa sauti ndogo, lakini nimepokea.

"Wimbo huo mmeupata wapi?"

"Mwalimu katufundisha. Majibu yote arobaini yamo. Unaimba mpaka unafika kwenye namba yako."

"Mnauimba wote? Na wavulana?"

"Sixbert ndiye anayeuimba vizuri kuliko wote."

Sixbert ni mjukuu wa Bi Stefania, shoga yangu, Mmakonde aliyeshuka kutoka uwandani kwao miaka mingi akaja kulima huku. Nikajifunga kanga nikaenda. Nilimkuta Stefania amesimama nyuma ya choo chake, kiganja mdomoni. Ng'ambo ya ua Sixbert alikuwa anafunga mbuzi, anaimba B, B, D, A kwa sauti nzuri ya kanisani, na kila akifika mwisho wa mstari Stefania anapokea ndani ya kiganja.

"We Mmakonde," nikamwambia, "unapokea mbuzi?"

"Napokea mwito, mwenzangu. Nifanyeje? Tangu asubuhi napokea. Koo limekauka."

"Mnyamazishe."

"Nimwambie nini? Nimwambie acha, huo ni wimbo wa nini? Mtoto wa kiume?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kumkataza mtu bila kumwambia ni kwa nini, ni kazi. Tukaenda wote wawili ghalani.

Mwalimu Brighton alitupokea vizuri. "Shikamooni," akasema, macho kwenye simu.

"Marahaba. Mwalimu, tunaomba ubadilishe tuni ya wimbo."

"Kwani ina tatizo gani?"

"Haifai."

"Haifai kwa nini?"

Nikamtazama Stefania, Stefania akatazama mizani. "Haifai kwa sababu haifai," akasema Stefania.

"Bibi zangu, hiyo si sababu ya kitaalamu." Akacheka kwa upole, kama anayemcheka mtu aliyevaa viatu upande. "Tuni hii nimeifanyia utafiti. Pale ninapopanga, kwa Mama Benadetha, akina mama walikuwa wanaifanyia mazoezi nyuma ya nyumba. Nikairekodi dirishani. Mistari minne, herufi kumi kila mstari, arobaini. Imekaa kama imetungwa kwa ajili ya mtihani. Muziki unafungua ubongo."

Tuliposikia *dirishani* tukashikana mikono. Lakini tungesema nini? Kumweleza mwanamume kosa lake ni kufanya kosa lenyewe mara ya pili.

Nikajaribu njia nyingine. "Na mtihani ukibadilika?"

Akafungua begi, akatoa karatasi. Mitihani ya miaka mitano, aliyoinunua kwenye duka la fotokopi. Ilikuwa mtihani mmoja. Swali la kwanza lile lile, la arobaini lile lile, hata mchoro wa jogoo aliyekatika mguu pembeni ni ule ule. Walikuwa wanabadilisha mwaka hapo juu tu, na mwaka mmoja walisahau hata huo.

"Hii ni taasisi, bibi," akasema. "Taasisi haibadiliki."

"Lakini watoto hawajui maana ya wanachojibu."

"Mtihani hauulizi kama wanajua. Mtihani unauliza herufi."

Katika maneno yote aliyowahi kusema Mwalimu Brighton hilo ndilo lililokuwa na akili, na ndilo lililonitia hofu. Nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe, mwalimu? 'Mtaka cha mvunguni sharti ainame.' Jibu lipi?"

Akainua macho kwenye dari la bati. Midomo haikucheza, lakini kidole kilikuwa kinagonga paja.

"D," akasema.

Stefania akapokea. Akajifanya amekohoa.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Asubuhi nikachukua mkasi wa Fakihi wa kukatia mifuko ya mbegu, nikakikata kijitabu cha Mwanasha swali kwa swali, namba nikazitupa jikoni, vipande nikavitia kwenye bakuli. Kuanzia siku ile, kila tukikaa kupukuchua, anachota kipande kimoja, anakisoma, ananijibu. Wiki ya kwanza alikuwa analia.

"Bibi, umeniharibia. Sasa sijui hata la kwanza."

"Hukuwa unalijua. Ulikuwa unaliimba."

Nilimfundisha kwa watu, maana kwa kiarifu na kiima peke yake hata mimi nachoka. Mkono wa birika ni Mzee Majid wa dukani, anayekupimia sukari huku ameshika pumzi ili mizani isitikisike. Kutia chumvi ni Mama Grace, ambaye nyoka wa kwake hajawahi kupungua urefu wa mnazi. Kuchungulia kaburi ni babu yako, mwaka ule nyuki walipomfuata mpaka mtoni. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni waliotuahidi lami kwenye barabara ya Njinjo. Kila miaka mitano wanatupaka, na kila masika tunavuta gari kwa kamba.

Maswali mengine yalinikasirisha. "Kanusha sentensi hii: Nimekula nikashiba." Wakaweka A, B, C, D. Kwa mwezi wa pili, chakula cha mwaka jana kimeisha na cha mwaka huu hakijakomaa, kila nyumba ya huku inaikanusha sentensi hiyo bila kuchagua herufi. Lingine lilisema, "Tulipofika stesheni, treni ilikuwa..." Mwanasha akauliza stesheni ni nini. Nikamwambia ni mahali pa kungojea treni. Akauliza huku kwetu iko wapi. Nikamwambia huku kwetu treni iliondoka kabla ya kuja.

Akacheka, na kucheka kule ndiko kulikomfungua. Mwezi wa tisa ulipofika katikati alikuwa anachota vipande viwili viwili na kunijibu kabla sijamaliza ganda moja. Akaanza hata kubishana na mtunga mtihani. Nilikuwa namtazama natamani kumwita mtu aje aone.

Sikumwita mtu. Nitalisema hili kama lilivyokuwa. Jioni moja Sixbert alipita kuomba moto, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo bibi. Mnafanya nini na karatasi?" Mimi nikavuta upindo wa kanga nikafunika bakuli. "Marahaba, mjukuu wangu. Tunachambua mbaazi." Akachukua kijinga chake cha moto akaenda, anaimba. Nafasi zilikuwa tano, watoto wa wilaya nzima. Ndivyo nilivyojiambia.

Mtihani ulikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi. Tulifika Lindi Ijumaa, tukalala kwa ndugu wa Stefania, asubuhi tukawapeleka watoto shuleni. Mwalimu Brighton naye alikuja, shati jeupe, akawapanga watoto wake mstari, akawaambia, "Msiogope. Imbeni kwa ndani." Halafu akakaa karibu na geti na simu yake, kama bwana harusi anayengoja gari.

Watoto wa vijiji vingine walikuwa kama thelathini, wengine wamevishwa tai na mama zao. Wote wakaingizwa ukumbini. Msimamizi alikuwa mwalimu mmoja mwembamba aitwaye Cletus, aliyegawa karatasi, akasema, "Mnaweza kuanza," akafungua gazeti. Mimi na Stefania tulikwenda jikoni, jengo la pili tu kutoka ukumbini, maana mpishi mkuu, Mama Veronika, alituona tumesimama juani akatuita kwa chai. Alikuwa na wasaidizi wanne na sufuria la maharage ambalo ungeweza kumwogeshea ndama.

Kwa dakika kumi kulikuwa kimya. Nikaanza kuamini Mungu ametusitiri.

Halafu ikaanza. Kwanza ilikuwa kama nzi chupani. Watoto ishirini na mmoja wanaimba kwa ndani, puani, midomo imefungwa kama walivyofundishwa, lakini pua za watoto ishirini na mmoja ni kitu kikubwa. Na miguu ilikuwa inagonga. Mtu hawezi kuimba ile tuni bila mguu.

Mama Veronika alikuwa amenyanyua mwiko. Mwiko ukabaki hewani. Akanitazama. Mimi nikatazama chai yangu.

"Somo," akasema polepole, "umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Kuna mwali anatolewa humu shuleni?"

"Ni upepo," akasema Stefania, na machozi ya kujizuia yalikuwa yanamtoka.

Walifika mwisho wa mstari wa kwanza. Pale penye pokeo pakawa na kimya kidogo, maana watoto walikuwa wanaandika herufi. Kimya kile, mwanamke aliyechezwa hawezi kukivumilia. Ni shimo, lazima ulifukie. Mstari wa pili ukaja. Mama Veronika akaweka mwiko chini, akasema, "Mimi siwezi kumfungia mtoto wa watu mlango," akatupa kichwa nyuma na akapokea.

Wasaidizi wanne wakapokea naye. Mmoja akachukua mfuniko wa sufuria. Stefania alikuwa ameshasimama, na sitasema uongo, nami nilikuwa nimesimama, kikombe mkononi, napokea kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nimcheze mama yake Mwanasha. Vigelegele vikatoka jikoni vikaingia madirishani mwa ukumbi. Na watoto wale, kwa kuona wamepokelewa, wakafungua midomo. D! A! A! C! Sixbert juu ya wote.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Akatoka mkuu wa shule, Madam Katarina, mwanamke wa heshima, suti ya bluu, miwani yenye mnyororo, mwenyeji wa uwanda wa Makonde kama Stefania. Alikuwa anakuja kufoka; uso wote ulikuwa umejiandaa kufoka. Mstari wa tatu ukaisha akiwa katikati ya ua. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni pokeo. Zima, pamoja na mtetemo wake wa mwisho. Akasimama. Akajishika mdomo. Akatazama huku na huku nani kamwona, na tulikuwa tumemwona wote.

Baada ya hapo akafoka kweli.

Karatasi zikakusanywa. Cletus akazitandaza mezani barazani, nami nikasogea kutoka jikoni nikaona: ishirini na moja zilikuwa zimejazwa mpaka swali la thelathini, herufi kwa herufi, kama zimepigwa muhuri. Ishirini na mbili ukihesabu na ya Mwanasha, na nani angeitenga? Majibu mengi ya Mwanasha yalikuwa sahihi, na majibu sahihi hufanana.

Madam Katarina akasimama barazani mbele ya wazazi. "Watoto wote wa Kikole wamefutwa. Wameiba mtihani. Wengine watarudi ndani kuendelea."

Nikamtafuta Mwalimu Brighton getini. Walinzi wakasema kaenda kutafuta vocha.

Mwanasha alikuwa amesimama kwenye mstari wa waliofutwa, mikono nyuma, hanitazami. Hakulia. Alikuwa ana uso wa mtu anayepiga hesabu ya kodi ya geto karibu na sekondari ya kata. Nikaweka kikombe chini nikapanda barazani.

"Madam, hodi."

"Bibi, uamuzi umeshatoka."

"Nimeusikia. Nina swali moja tu, halina herufi. Mtihani huu mliutunga lini?"

Cletus akakunja gazeti lake mara nne.

"Maana naona jogoo ni yule yule," nikasema, "mguu wake haujapona mwaka wa tano huu. Karatasi zenu zinauzwa dukani pamoja na kalamu na bahasha. Watoto hawakuvunja kabati. Walifundishwa na mtu mzima waliyeambiwa wamheshimu. Sasa nakuuliza, mwanangu: mtoto aliyeimba wimbo mmoja miezi miwili, na shule iliyopiga chapa mtihani mmoja miaka mitano, nani kaimba zaidi?"

Mama mmoja wa wale wa tai akacheka, akaziba mdomo. Mwingine akasema, "Hata wa kwangu kasema kaupata mwaka jana kwa kaka yake." Hapo wakaanza wote kusemezana, na Madam Katarina akaona kwamba akifuta wa Kikole itabidi afute wilaya.

Akanisogelea, akateremsha sauti. "Sasa unataka nifanye nini, bibi? Mtihani mwingine sina."

"Waulize kwa mdomo. Hayo hayo maswali. Lakini usianzie mwanzo."

Alifikiri. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa. "Maswali kumi kila mtoto," akatangaza. "Mzazi akae pembeni, asifumbue mdomo. Na huko jikoni, Mama Veronika, maharage yanaungua."

Kazi ile ilikwenda mpaka saa kumi. Kati ya watoto wa Kikole, wa kwanza kuitwa alikuwa Sixbert. Alikaa vizuri, mikono mapajani.

"Mtu anayetia chumvi katika maneno yake," akasoma Madam Katarina, "ni mtu anayefanya nini?"

"Namba ngapi, madam?"

"Haina namba. Jibu."

Sixbert akatazama juu. Kidole kikaanza kugonga. Lakini hakujua aanzie wapi, aishie wapi. Tuliona jasho linashuka kwenye shavu mpaka kwenye kola aliyopigiwa pasi na bibi yake alfajiri.

"Naomba niimbe, madam," akasema.

"Hapana."

Alipata mawili. Waliomfuata hawakuzidi matatu. Stefania alikuwa amekaa kwenye benchi kando yangu, na kila Sixbert alipokosa nilikuwa nasikia anavuta pumzi kama mtu anayechomwa sindano.

Mwanasha aliitwa wa kumi na nne. Alijibu la kwanza, la pili, la tatu, la nne akiwa anamtazama Madam Katarina machoni. Akaulizwa mkono wa birika.

"Ni mtu mchoyo. Kama Mzee Majid wa dukani kwetu."

"Mimi simjui Mzee Majid."

"Anakupimia sukari huku ameshika pumzi."

Madam Katarina akajikuna pua, akatia vema. Alikosa moja tu, la stesheni. Alisema treni ilikuwa haijajengewa njia. Madam akasema jibu ni *imeshaondoka*. Mwanasha akasema, "Sawa, madam," kwa namna ambayo mtu anamwachia mwenzake kiti.

Majina matano yakabandikwa mlangoni saa kumi na moja. La Mwanasha lilikuwa la tatu. Alilisoma, akalisoma tena, akalipitishia kidole, halafu akaja akaniegemea bega, uzito wake wote, kama alipokuwa na miaka miwili. Alhamdulillahi. Nililia na sikuona haya.

Mwalimu Brighton alirudi getini jioni. Akalisoma tangazo, akapiga picha karatasi. Kabla hatujafika Kikole ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za wazazi, na chini ameandika: *Tuisheni Bora Kikole, matunda yanaonekana.* Nasikia mwezi wa kwanza anafungua tawi Njinjo. Wanamsubiri kwa hamu.

Stefania alingoja mpaka tulipofika kwetu, tunaachana njia panda. Sixbert alikuwa ametangulia na mizigo. Mwanasha alikuwa nyuma anamsimulia mtu.

"Ulikuwa unamfundisha mwenyewe," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile tulipotoka ghalani."

"Miezi miwili." Akahamisha fundo la nguo kutoka bega moja kwenda jingine. "Miezi miwili nakaa nawe kisimani, tunamcheka Brighton. Mbavu zinaniuma kwa kumcheka Brighton. Na bakuli unalo."

Nilitaka kusema nafasi zilikuwa tano. Nilitaka kusema Mwanasha ni msichana, geto lina mlango wa bati, Sixbert ni mvulana, atajiweza. Yote nilikuwa nayo mdomoni na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotoka. Kwa kawaida mimi na Stefania tukikosana tunatukanana kwanza, Mmatumbi we, Mmakonde we, halafu tunacheka. Nilingoja anitukane. Hakunitukana.

"Usiku mwema, mama Fulani," akasema, kama anayemuaga mtu wa sokoni, akaenda zake.

Asubuhi sikuwasha hata moto. Nilijifunga kanga nikaenda kwake. Alikuwa anafagia uwanja, akaniona, akaendelea kufagia, vumbi likanijia miguuni.

"Nimemfuata Sixbert," nikasema. "Matokeo ya serikali yatatoka, ataitwa sekondari ya kata. Akienda hivi alivyo watamla. Nipe mpaka mwezi wa kwanza."

Akafagia mpaka kwenye mwembe, akarudi. "Na kama hatakutaka?"

"Nitakaa hapa mpaka anitake."

Akasimama akiegemea fagio, akanitazama kuanzia ndala mpaka kilemba, bila haraka. Halafu akapaza sauti kuelekea ndani. "Sixbert! Amka unawe uso. Bibi yako Mmatumbi amekuja kukulipa."

Kisha akaniletea kigoda, akakiweka juani.